Kabla ya Mfalme Alikuwapo Karani

Mwaka 1964 Louis Leakey na wenzake wawili, Phillip Tobias na John Napier, walimpa cheo kiumbe aliyekufa yapata miaka milioni 1.8 iliyopita. Mifupa yake ilipatikana Oldupai, kaskazini mwa Tanzania, karibu na vijiwe vilivyochongwa kwa makusudi, wakamwita Homo habilis, mtu stadi. Kwa lugha ya gereji: fundi. Cheo kilikuwa kizuri na kilitangazwa rasmi. Tatizo lilikuja mwaka 2015, pale timu ya Sonia Harmand ilipoeleza zana za mawe zilizochimbuliwa Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, zenye umri wa miaka milioni 3.3. Hakuna mfupa wa ukoo wa Homo unaojulikana wenye umri huo. Kazi, basi, ilianzwa na wengine zaidi ya miaka milioni moja kabla, na cheo kikaenda kwa aliyekutwa karibu na vifaa. Aliyewahi kuajiriwa hatashangaa.

Kuhusu mambo haya ya kale, wengi wetu tuna picha moja kichwani: kwanza anatokea mfalme, anaunda jeshi, anatunga sheria, halafu anaajiri makarani wa kuandika ushindi wake. Udongo wa Mesopotamia, nchi iliyo kati ya mito Frati na Hidekeli katika Iraki ya leo, unasimulia kinyume. Karani alitangulia. Orodha ya vyeo ilitangulia. Mfalme wa kwanza ambaye jina lake tunalisoma kwenye maandishi yake mwenyewe, Enmebaragesi wa mji wa Kish, aliishi kati ya mwaka 2700 na 2600 KK hivi, karne tano au sita baada ya hati za mwanzo. Alikuta ofisi zimeshafunguliwa.

Kabla ya hapo tulikaa muda mrefu mno bila ofisi. Shoka la mkono, lile jiwe lenye umbo la chozi lililochongwa pande zote mbili, linaonekana Kokiselei, Turkana Magharibi, miaka milioni 1.76 iliyopita. Nenda Isimila, nje kidogo ya mji wa Iringa, utakuta mashoka ya jamii hiyo hiyo yametapakaa korongoni, na hayo yana umri wa zaidi ya miaka 200,000. Katikati kuna zaidi ya miaka milioni moja ambamo wachongaji walirekebisha hiki na kile, wakanyoosha makali, lakini wazo lenyewe halikubadilika. Mchongaji wa Isimila angeokota shoka la Kokiselei na kuendelea na kazi bila semina elekezi. Sisi tunaosubiri simu mpya kila mwaka hulitazama jambo hili kama uzembe. Mimi huliona kama ushahidi kwamba kifaa kilifanya kazi.

Tusidanganyane, hata hivyo, kwamba huko nyuma kulikuwa na amani. Nataruk, huko huko magharibi mwa Turkana, watafiti walikuta mabaki ya watu wasiopungua 27 waliokufa yapata miaka 10,000 iliyopita: wanaume, wanawake, watoto. Mafuvu yaliyopasuliwa, magoti yaliyovunjika, kipande cha jiwe kali la volkano kikiwa bado kwenye fuvu. Wapo wanaobisha baadhi ya tafsiri, lakini walioielezea habari hiyo mwaka 2016 waliona shambulio la kundi moja dhidi ya jingine. Wale watu walikuwa wawindaji na wavuvi, hawakuwa na serikali. Kuuana, basi, hakukuhitaji wizara. Kilichokosekana Nataruk ni maelezo. Hakuna aliyeacha tamko la kwa nini, wala jiwe la kumbukumbu, wala hesabu ya fidia. Hayo yalisubiri shayiri.

Nasema shayiri kwa sababu nafaka ina tabia zinazomvutia mtu wa kodi. Inaiva kwa pamoja, kwa hiyo anajua siku ya kuja. Inakauka, kwa hiyo inakaa. Inapimika kwa kibaba na kugawika hadi punje. Swala akichinjwa ni wa kuliwa leo na kesho. Gimbi hukaa ardhini likimsubiri mwenyewe. Shayiri huenda ghalani, na ghala likishakuwapo linaleta maswali ambayo wawindaji hawakuwa nayo: kimeingia kiasi gani, kimetoka kiasi gani, na nani alishika ufunguo.

Jibu la kwanza lilikuwa vidude vya udongo. Tangu kama mwaka 8000 KK, wakulima wa Mashariki ya Kati walifinyanga vijipande vidogo: koni, tufe, visahani, mitungi midogo. Denise Schmandt-Besserat, mtafiti aliyevifuatilia vidude hivi kwa miongo kadhaa katika makumbusho mbalimbali, alihoji kwamba vilikuwa hesabu: umbo hili ni kiasi fulani cha nafaka, lile ni mnyama, lile ni mafuta. Wenzake hawakubaliani naye kwa kila umbo, ila mwendo mzima unaeleweka. Katika milenia ya nne KK watu walianza kuvifungia vidude ndani ya tufe tupu la udongo na kulipiga muhuri, ili mchukuzi asipunguze kitu njiani. Usalama ukawa mzuri, ukaguzi ukawa mbaya: ili ujue kilichomo sharti uvunje. Wakaanza kugandamiza kidude kimoja kimoja kwenye ganda la nje kabla ya kukifungia. Sasa tufe lilionyesha nje kile kile kilichokuwamo ndani, na hatimaye mtu fulani, heri yake popote alipo, akang'amua kwamba vilivyomo ndani havina kazi tena. Tufe likabanwa likawa kibao bapa. Alama zikabaki.

Hivyo ndivyo uvumbuzi mkubwa kuliko wote ulivyotokea, kama utaafiki kuuita hivyo: kwa kufuta hatua moja isiyo ya lazima katika utaratibu wa ghala.

Mji ulioukuza ni Uruk, kusini mwa Mesopotamia. Kufikia mwaka 3200 KK hivi ulikuwa na makumi ya maelfu ya watu, na wachimbaji wa Kijerumani walitoa humo maelfu ya vibao na vipande vya vibao vya mwanzo kabisa. Takriban tisa kati ya kila kumi ni hesabu: shayiri, bia, kondoo, nguo, samaki, vibarua. Hamna utenzi, sala, wala barua ya mapenzi. Fasihi ingekuja zaidi ya miaka 500 baadaye. Na hesabu zenyewe zilikuwa na vitimbi vyake. Makarani wa Uruk walitumia mifumo zaidi ya kumi ya kuhesabu, kila kundi la vitu na mfumo wake, huku alama zikiazimwa huku na huku. Kijiduara kimoja kile kile kilikuwa mara kumi ya alama ndogo ukihesabu kondoo, mara sita ukipima shayiri, na mara kumi na nane ukipima shamba. Asiyefunzwa hawezi kukagua hesabu hizo hata akipewa vibao vyote. Sidhani kuna karani aliyelalamikia hilo.

Kati ya vibao hivyo vipo vinavyohusu kiwanda cha pombe. Kimoja kinataja vipimo 29,086 vya shayiri vilivyopokelewa kwa miezi 37, na pembeni ipo saini ya anayehusika: Kushim. Wapo wanaomsherehekea kuwa mtu wa kwanza duniani ambaye jina lake limeandikwa. Ila wataalamu hawajakubaliana iwapo Kushim ni jina au ni cheo, yaani kama ni mtu au ni ofisi ya kimea. Mimi naona utata huo unamfaa. Hata leo ukipiga simu ya ofisi ukaambiwa “ongea na Uhasibu”, Uhasibu anaitika kwa sauti ya mtu.

Ile sehemu moja ya kumi iliyobaki ndiyo inayonifurahisha zaidi. Makarani walihitaji kufundisha vijana alama, kwa hiyo walitunga orodha za maneno: orodha ya miti, ya vyombo, ya samaki, ya miji. Iliyopendwa kuliko zote ni orodha ya vyeo. Ina vyeo vipatavyo 120, na nakala na vipande vyake vya kale vilivyopatikana ni zaidi ya mia. Inaanza na cheo kinachosomwa NAMESHDA, ambacho kamusi iliyoandikwa miaka 2,000 baadaye inakieleza kuwa ni mfalme, ingawa enzi ya Uruk huenda kilikuwa tu bosi mkuu. Baada yake wanapangwa wakuu: wa sheria, wa mji, wa plau, wa shayiri. Ndio, mkuu wa shayiri, tena katika safu za juu. Huko chini wanafuata makuhani, wapishi, wafinyanzi, masonara, kila mtu na kiti chake. Serikali yenyewe, kwa maana ya mfalme na katiba na ngoma, haionekani bado vizuri, lakini muundo wa utumishi umeshapitishwa.

Orodha hiyo ilinakiliwa kwa zaidi ya miaka elfu moja karibu bila kugusa neno. Ilifika hadi Ebla, huko Syria, kwa watu wenye lugha nyingine kabisa. Vyeo vingi vilikuwa vimekufa zamani, wenye kuvishika wamesahaulika, matamshi ya baadhi yamepotea, na bado mwanafunzi alikaa chini akaandika kwa mpangilio ule ule kuanzia juu. Sisi tunaoandika CPA na Mhandisi kabla ya jina la ubatizo, na kumtambulisha mgeni rasmi kwa dakika kumi, tuwahurumie kidogo. Cheo hudumu kuliko kazi.

Na chini ya orodha, waliokosa cheo walikuwa na bakuli. Katika mji wa Uruk na kotekote ulikofika ushawishi wake yanapatikana mabakuli ya udongo ya ovyo ovyo, yenye ukingo uliokatwa mshazari, kwa maelfu kwa maelfu. Yalitengenezwa haraka na kutupwa haraka. Wengi wanaamini yalitumika kugawia posho ya wafanyakazi, ingawa wapo wanaoyaona kuwa vifaa vya kuokea mkate. Kinachowapa nguvu wa kundi la kwanza ni kwamba alama ya kula katika maandishi ya Uruk ni kichwa cha mtu kilichowekewa bakuli la aina hiyo. Mtu na posho yake, kwa alama moja.

Tukiyashika hayo, vita vya Lagash na Umma vinasomeka kwa urahisi zaidi. Hiyo ilikuwa miji miwili jirani ya Wasumeri, watu wa kusini mwa Mesopotamia, iliyogombea uwanda mmoja wenye rutuba kwa karibu miaka 150, kuanzia kama mwaka 2500 KK. Tunaijua habari yake kwa undani kwa sababu makarani wa Lagash waliiandika, hasa kwenye koni ya udongo ya mtawala wao Enmetena iliyoko sasa Louvre mjini Paris. Maelezo ya Umma yenyewe yaliyobaki ni machache, kwa hiyo katika kesi hii tunasikiliza zaidi upande mmoja, nao una kumbukumbu nzuri mno.

Hadithi yao huanza na mpimaji ardhi. Mesilim, mfalme wa Kish, aliitwa kusuluhisha, akapima mpaka kwa kamba na kusimika bikoni ya jiwe. Ush, mtawala wa Umma, aliing'oa. Vizazi viwili vitatu baadaye Eannatum wa Lagash akaipiga Umma, akarudisha mpaka mahali pake, na kuchonga jiwe kubwa la ushindi linaloitwa Jiwe la Tumbusi. Linaonyesha askari wamebanana nyuma ya ngao, mikuki imetokeza, wakipita juu ya maiti, na tumbusi wakiruka na vichwa vya maadui midomoni. Ni kati ya picha za kale kabisa za jeshi lililopangwa kwa safu. Maandishi yake yanaeleza pia kwamba mungu Ningirsu alimpima Eannatum kwa mkono wake akapata dhiraa tano na shubiri moja, karibu mita 2.75. Makarani hawakuweza kumwacha hata mfalme bila kumpima.

Baada ya kushinda, Lagash haikuichukua ardhi yote. Ilifanya jambo la kisasa zaidi: iliruhusu Umma ilime sehemu yake kwa sharti la kulipa shayiri, na shayiri isiyolipwa ikahesabiwa kuwa mkopo wenye riba. Kwa Wasumeri riba ya kawaida ya shayiri ilikuwa theluthi moja. Weka theluthi moja kila mwaka juu ya deni na juu ya riba yake, na kila kipimo kimoja kinapita vipimo 1,300 baada ya miaka 25. Tanzania mikopo ya namna hiyo tunaiita kausha damu. Enmetena alipopiga hesabu, koni yake inasema deni la Umma limefika 8,640,000 za kipimo chao kikubwa kuliko vyote. Wataalamu waliokigeuza kuwa lita wanapata zaidi ya trilioni nne. Ukichukua mavuno ya shayiri ya dunia nzima ya leo, yanayozunguka tani milioni 150 kwa mwaka, ungehitaji zaidi ya miaka kumi kumaliza deni la mji mmoja wa kale uliokuwa ukimwagilia kwa mifereji.

Hapana shaka hakuna aliyetarajia kulipwa. Hesabu ilikuwa sahihi na haikuwa na maana yoyote, na ndiyo sababu ilifaa vita. Ur-Lumma wa Umma alijibu kwa kugeuza maji ya mifereji na kuyachoma moto mawe ya mpaka. Akashindwa, akakimbia, akaacha jozi 60 za punda wa magari ukingoni mwa mfereji. Nani aliwahesabu punda katikati ya mapigano? Yule yule wa siku zote. Aliyemrithi, Il, alikuwa msimamizi wa hekalu kabla ya kupata utawala. Alilipa shayiri kidogo tu, akatangaza kwamba mfereji wa mpaka ni wake, na makarani wa Lagash wakamwandika kwa sifa ambayo haimo kwenye orodha yoyote ya vyeo: mwizi wa mashamba.

Huku nyumbani Lagash, ghala lilikuwa linakula wenyewe. Kama mwaka 2350 KK alitawala Uruinimgina, ambaye vitabu vya zamani humwita Urukagina. Hakuwa mwana wa mtangulizi wake. Alisema mungu alimshika mkono kutoka katikati ya watu 36,000, maelezo ambayo kila anayepata madaraka kwa njia isiyo ya kawaida huwa na toleo lake. Alianza na cheo cha ensi, yaani gavana, na muda si mrefu akajipandisha kuwa lugal, mfalme.

Maandishi yake ya mageuzi ni hazina, kwa sababu ili ajisifu kwa kuondoa maovu ilimbidi ayataje moja moja. Ng'ombe wa miungu walikuwa wakilima bustani za vitunguu za gavana, na bustani hizo zilikaa kwenye mashamba bora ya miungu. Mume akimwacha mkewe, gavana alichukua shekeli tano za fedha na waziri wake akachukua moja. Mtu akifa, waliohusika na maziko walidai mitungi saba ya bia, mikate 420, shayiri, vazi, mbuzi na kitanda. Wasimamizi walikuwa wamejaa kuanzia mpakani hadi baharini. Uruinimgina anasema aliwaondoa, na ada ya mazishi akaishusha kuwa mitungi mitatu ya bia, mikate 80, mbuzi mmoja na kitanda. Angalia kwamba hakuifuta.

Mashamba aliyoyachukua gavana yalirudishwa kwa wenyewe, miungu. Shamba moja la kifahari liliandikwa kwa jina la mungu wa kike Bau, lenye mamia ya wafanyakazi wanaopokea posho ya shayiri. Msimamizi wa nyumba ya Bau akawa Shasha, mke wa mfalme. Vibao vya nyumba hiyo vimebaki kwa wingi na hesabu zake zimenyooka kabisa.

Mageuzi hayo hayakudumu. Lugalzagesi, mtawala wa Umma, alishuka na kuichoma Lagash, na deni la trilioni likaishia hapo bila risiti. Karani mmoja wa Lagash aliyenusurika aliandika maombolezo, ila hakuwa na namna nyingine ya kuandika zaidi ya ile aliyofunzwa. Yanasomeka kama taarifa ya hasara: hekalu hili limechomwa, lile limeporwa fedha na vito, shayiri ya mashamba ya Ningirsu yaliyolimwa imeng'olewa. Mwishoni anatoa hukumu: Uruinimgina, mfalme wa Girsu, mji wa dola hiyo hiyo ya Lagash, hana kosa, na dhambi ya Lugalzagesi ibebwe shingoni na mungu wake mwenyewe, Nisaba. Huyo Nisaba alikuwa mungu wa nafaka. Alikuwa pia mungu wa uandishi.

Lugalzagesi naye hakukaa. Alifungwa kongwa shingoni na kupelekwa hadi lango la mungu Enlil huko Nippur na mtu ambaye mapokeo ya Wasumeri yanasema alianza kazi kama mnyweshaji wa mfalme wa Kish. Jina lake Sharrukin, Sargon kwa wengi, maana yake ni mfalme halali, na si jina analohitaji mtu ambaye uhalali wake hauna maswali. Sargon wa Akkad aliunganisha miji yote ile chini ya dola moja na kuweka watu wa Akkad katika viti vya ugavana hadi bahari ya kusini. Katika maandishi yake anajivunia mambo ya kutarajiwa: vita 34 alivyoshinda, kuta alizobomoa, meli za Dilmun, ambayo ni pande za Bahrain, za Magan, ambayo ni pande za Oman, na za Meluhha, ambayo ni pande za bonde la mto Indus, zilizofunga gati mjini kwake. Kisha analeta hesabu ya jikoni, aliyoiona inastahili kukaa pamoja na vita na bahari: kila siku watu 5,400 hula chakula mbele yake.